Tangi la ndege ya kujiundia: usipoziba ufa, hutapata nafasi ya kujenga ukuta

Hapa Kombewa, upande wa Seme kaunti ya Kisumu, ambako kazi imenileta kwa muda, yupo kijana wa kuchomelea vyuma aliyeazimia kuunda ndege. Si wa kwanza. Mwaka 2010 Wakenya tulisoma habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, aliyeunda ndege nyumbani kwake. Huyu wa Kombewa ameniuliza: "Ustadhi, mafuta nitaweka wapi? Dumu la lita 20 nyuma ya kiti halitoshi?"

Mimi nina diploma ya ufundi wa mitambo, urubani sina. Lakini swali lake linastahili jibu, na jibu ni kwamba halitoshi.

Ndege za kujiundia zipo, na ni halali. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, huuza vipande ndani ya masanduku, mnunuzi akaunganisha mwenyewe. Zaidi ya ndege 10,000 za kampuni hiyo zimeruka. Tuchukue RV-7, ya watu wawili. Tangi lake ni sehemu ya mbele ya bawa lenyewe, karibu na kiwiliwili cha ndege. Kila bawa hubeba lita 80 hivi. Kwa mpango huo petroli haikai chumba kimoja na rubani. Pia uzito wake, karibu kilo 58 kila upande, unalala ndani ya bawa lile lile linaloinua ndege, kwa hiyo bawa halielemewi sana pale linapoungana na kiwiliwili.

Kazi yenyewe huanza na mbavu za alumini, zinazopangwa kama mataruma ya jahazi. Juu yake huvikwa bati la alumini lisilofika unene wa milimita moja. Vyote hushikwa kwa riveti nyingi mno, na kila riveti imepita kwenye tundu ambalo petroli inaweza kutokea. Hapo fundi hufanya lile wanalolifanya mafundi wetu wa Lamu na wa mitumbwi ya ziwani: anakalafati. Badala ya pamba na mafuta, hutumia gundi nyeusi nzito, sehemu kumi kwa sehemu moja ya kikazishi, zikipimwa kwa mizani. Ikishachanganywa haingoji mtu apokee simu. Na bati lisiposuguliwa na kufutwa vizuri, mafuta ya kidole tu yanatosha kuifanya isishike.

Kiambaza cha nyuma hufungwa mwisho. Kabla ya hapo, bomba la kunyonya mafuta, kipimo na bomba la kupumulia viwe vimeshawekwa na kukaguliwa. Kikishafungwa, kurekebisha kitu ndani ni mashaka matupu.

Kisha huja jaribio, nalo ni la kushangaza kwa urahisi wake. Matundu yote huzibwa, puto la watoto huvishwa kwenye bomba moja, hewa kidogo hutiwa, na maji ya sabuni hupakwa kwenye kila mshono. Povu likichemka, hapo panavuja. Ni elimu ile ile ya fundi baiskeli na beseni lake. Tahadhari: mashine ya upepo ya gereji italivimbisha tangi na kulipasua.

Kwa anayeishi kando ya ziwa yapo mawili ya ziada. Bomba la kupumulia likizibwa na kiota cha nyigu, hewa haiingii, na injini inaweza kukosa mafuta ilhali tangi limejaa. La pili ni unyevu: maji hujikusanya chini ya petroli, ndiyo maana tangi lina kibomba sehemu ya chini kabisa, nacho hufunguliwa kabla ya safari ili kuyatoa.

Kijana wetu asivunjwe moyo. Mkono wake wa kazi ni mzuri kuliko wangu. Lakini kabla hajakata bati, aende kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, aulize masharti ya usajili na ukaguzi. Na aanze na tangi dogo la mazoezi: aliunde, alikalafati, alivishe puto, aliache usiku kucha. Gari likivuja mafuta utaegesha kando ya barabara. Angani hakuna kando.