Kuupa Uhai Mvumo wa Toazi Uliopangwa kwa Tarakilishi

Makala haya yananuia kueleza jinsi mtunzi anavyoweza kuufanya mvumo wa toazi uliopangwa kwa tarakilishi ukaribiane na ule utokao mikononi mwa mpigaji. Huenda msomaji akajiuliza suala hili linatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba tamthilia zetu haziigizwi kwa maneno matupu. Katika igizo mojawapo, mwandishi wa makala haya alikabidhiwa muziki wa usuli. Mfalme alipokuwa akiingia jukwaani kutangaza msiba, toazi lilitakiwa livume kwa mbali, lipande, kisha lipasuke. Kilichosikika kilikuwa bombomu. Hadhira iliangua kicheko, na mfalme wa watu akalazimika kuomboleza katikati ya vicheko hivyo.

Kwa toazi tunamaanisha sahani ya shaba iliyochanganywa na bati, ambayo huning'inizwa juu ya kigingi na kupigwa kwa fimbo. Mvumo ni mfululizo wa mapigo ya haraka ya mikono miwili, hata sikio lisiweze kuyatenganisha. Neno upatu tumeliepuka kwa makusudi, kwani chombo hicho kina nafasi yake katika ngoma za mwambao.

Programu za ngoma hufanya kazi kwa sampuli, yaani sauti fupi zilizorekodiwa kutoka kwa ala halisi. Kila noti huwa na kiwango cha nguvu kati ya 1 na 127, kulingana na mfumo wa Midi uliozinduliwa mwaka wa 1983. Mtunzi anayeanza hujaza noti zenye kiwango kimoja na umbali mmoja. Programu nayo, kwa utiifu wake, hutoa sampuli ileile kila mara. Sikio hugundua marudio hayo papo hapo, na hiyo ndiyo asili ya bombomu. Programu bora huwa na sampuli kadhaa za kila kiwango na huzizungusha kwa zamu. Hata hivyo, zamu hizo pekee hazitoshi.

Tatizo kubwa zaidi limo katika maumbile ya toazi lenyewe. Kila sampuli hurekodiwa toazi likiwa limetulia, ilhali katika mvumo, pigo la pili hulikuta likiwa bado linatetemeka. Kwa hivyo mpigaji haanzishi sauti upya. Anaongeza nguvu katika sauti iliyopo. Aidha, mtetemo unapozidi, nguvu huhama kutoka kwa sauti za chini hadi zile za juu. Ndiyo maana toazi linalopanda haliongezi ukubwa wa sauti tu, bali hubadilika rangi: huanza kwa mngurumo mzito na kuishia kwa mchachatiko mkali. Anayepandisha kidhibiti cha sauti peke yake anapata mngurumo uleule, ila mkubwa zaidi.

Basi tiba ianzie kwenye kiwango cha nguvu cha kila noti. Anza karibu na 20 na uishie karibu na 110, ili programu ipite katika tabaka zote za sampuli. Ikiwa sampuli zilirekodiwa kwa fimbo ya mti, mwanzo wa kila pigo utakuwa na mkwaruzo. Chagua sampuli za fimbo zilizofungwa uzi au sufu, au ulainishe mwanzo wa sauti kwa milisekunde chache. Hakikisha pia kwamba noti mpya haikati mwangwi wa iliyotangulia.

Kuhusu kasi, wengi wetu hukosea kwa pupa. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kugawa kila pigo mara nane huzaa noti 16 kwa sekunde, nayo ni mengi mno kwa toazi linaloning'inia, kwa kuwa lina mwangwi mrefu. Kwa uzoefu wangu, noti 8 hadi 12 zinatosha, zikianza polepole na kuharakishwa kidogo kuelekea kilele. Zisogeze mbele na nyuma kwa milisekunde 5 hadi 10 bila mpango, na uufanye mkono mmoja uwe dhaifu kidogo kuliko mwenzake. Mwanafunzi wa ushairi atalielewa hili kwa wepesi: shairi lenye mizani 16 kamili kwa kila mshororo linaweza kughaniwa likasisimua, na linaweza kusomwa kama orodha ya bei. Hesabu ni ileile.

Upandaji wenyewe usifuate mstari mnyoofu. Uache mvumo ukae chini kwa zaidi ya nusu ya muda wake, kisha uinuke kwa ghafla. Kwenye kilele, weka pigo moja lenye nguvu kutoka kwa toazi jingine, na uuache mwangwi ufifie wenyewe. Ukitaka kimya, tumia sampuli ya toazi lililoshikwa kwa mkono, maana kuifuta noti ghafla husikika kama umeme umepotea.

Zipo programu zinazoleta mivumo iliyokwisha kurekodiwa mizima, na mtunzi huipandisha kwa gurudumu la kibodi. Mivumo hiyo hupendeza, lakini urefu wake haukubali kila tukio. Mfalme wetu hutembea taratibu.