Bagaza, Luteni Kanali wa Rutovu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwona Michel Micombero akiuangusha ufalme wa Burundi mwaka 1966, kisha akiiachia nchi majeraha ya 1972. Tarehe 1 Novemba 1976 jeshi lake lenyewe lilimwondoa Bujumbura, bila damu kumwagika. Akaenda Somalia, akafia Mogadishu mwaka 1983. Aliyeshika nafasi yake, Luteni Kanali Jean-Baptiste Bagaza, alikuwa na miaka 30. Naye alizaliwa Rutovu, Bururi, na naye alisomea uanajeshi Ubelgiji.

Kuna mambo ambayo Bagaza anastahili kusifiwa bila kigugumizi. Mwaka 1977 alifuta ubugererwa, utaratibu uliomfunga mkulima asiye na ardhi kulima shamba la bwana na kumlipa kwa mazao na utumishi. Barabara za lami zikapanda milimani, bwawa la umeme la Rwegura likajengwa, na Moso ikapata kiwanda cha sukari. Wazee wanaomtaja kwa wema hapa mjini hawasemi uongo.

Hata hivyo, mkulima aliyepewa ardhi hakupewa sauti. Katiba ya 1981 ilitambua chama kimoja tu, UPRONA, na mwaka 1984 Bagaza alichaguliwa kwa zaidi ya asilimia 99, akiwa mgombea pekee. Kisha akaligeukia Kanisa Katoliki: wamisionari wakafukuzwa, misa za siku za kazi zikabanwa, seminari ndogo zikatwaliwa na serikali. Wengi huueleza ugomvi huu kama wa dola na dini. Mimi naona kiini chake kilikuwa elimu. Shule za parokia zilizoitwa Yaga Mukama ziliwafundisha kusoma na kuandika watoto wa vijijini, wengi wao Wahutu, ambao shule za serikali hazikuwa na nafasi kwao. Baada ya mauaji ya 1972, yaliyowalenga Wahutu waliosoma, kuzifunga shule hizo kulikuwa kuziba mlango mdogo uliobaki wazi. Hapo ndipo ninapomlaumu zaidi.

Septemba 1987 alikuwa Quebec, kwenye mkutano wa nchi zinazotumia Kifaransa, Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka. Buyoya pia alikuwa mtu wa Rutovu. Baada ya miaka ya uhamishoni Bagaza alirudi, akaanzisha chama cha PARENA mwaka 1994, na baadaye akakaa katika Seneti kwa haki ya marais wastaafu. Alifariki Brussels tarehe 4 Mei 2016, akazikwa Bujumbura.

Juma lijalo: Buyoya, na uchaguzi wa 1993.