Nyayo Katika Ukungu

Mwindaji aingiapo majanini alfajiri huweza kumjua mnyama aliyepita usiku, ingawa hakumwona. Hutazama nyayo katika umande: ukubwa wake, na upande zilikoelekea. Wataalamu wa chembe ndogo za ulimwengu hufanya vivyo hivyo. Chembe hizo ni ndogo mno, hata hapana darubini iwezayo kuzionyesha. Basi hutafuta nyayo zake.

Aliyeanza njia hii ni C. T. R. Wilson, mtoto wa mkulima wa Uskoti. Mwezi wa Septemba 1894 alikaa majuma mawili juu ya mlima Ben Nevis, akaona pete za rangi ambazo jua hufanya katika mawingu. Zikampendeza, akataka kuzifanya mwenyewe huko Cambridge. Alitwaa chombo cha kioo chenye hewa na mvuke wa maji, akaipanua hewa ile ghafula. Hewa ikipanuka hivyo hupoa, na mvuke hugeuka kuwa matone. Lakini tone halianzi bure. Lataka kitu cha kushika, nacho kwa kawaida ni vumbi. Wilson aliliondoa vumbi lote, na matone machache yakatokea vilevile. Yalishika nini? Yalishika hewa iliyotiwa umeme.

Sasa angalieni. Chembe yenye umeme ipitapo kwa kasi huacha hewa ya namna hiyo nyuma yake, na matone hujipanga hapo, mstari mmoja mweupe. Mwaka 1911 Wilson aliipiga picha mistari hiyo. Chembe nzito zitokazo katika radiumu zilichora mistari minene iliyonyoka. Elektroni nyepesi zilichora myembamba yenye kupindapinda.

Mwaka 1932, huko Pasadena, Marekani, kijana Carl Anderson alikiweka chombo kama hicho katika sumaku yenye nguvu. Sumaku huipinda njia ya chembe: yenye umeme wa namna moja huenda kuume, na ya namna ya pili kushoto. Anderson akaona mistari iliyopinda kinyume cha elektroni zishukazo kutoka angani. Je, zilikuwa chembe za namna nyingine, au elektroni tu zipandazo juu? Shaka hiyo ilikuwa ya haki, maana nyayo hizi hazina vidole vya kuonyesha upande.

Akaweka katikati ya chombo bamba la risasi, unene wake milimita 6. Chembe ikipenya risasi hupungukiwa na nguvu, nayo hupindwa zaidi. Tarehe 2 Agosti picha moja ilionyesha mstari uliopinda kidogo chini ya bamba, na zaidi juu yake. Basi chembe ile ilipanda! Pasipo risasi, ingalidhaniwa kuwa elektroni ishukayo. Kumbe ilikuwa nyepesi kama elektroni, lakini umeme wake ni wa kinyume. Ikaitwa positroni.

Siku hizi, chini ya ardhi karibu na Geneva, kimo chombo chenye urefu wa mita 46. Mvuke haumo tena ndani yake, bali sumaku ingalimo.