Je, Wajua? Mbuzi ni mpanzi wa mathenge

Mbuzi akila maganda ya mti wa mathenge, anageuka mpanzi wake. Maganda hayo ni matamu, yamejaa sukari. Sehemu laini humeng'enywa, lakini mbegu ina gamba gumu mno. Nyingi hupita tumboni zikiwa hai, zikatua chini ndani ya kinyesi chenye rutuba. Vunja bonge la kinyesi cha ng'ombe aliyekula maganda: utaziona mbegu za kahawia humo, nzima kabisa.

Mti huu wa asili ya Amerika ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuzuia jangwa. Baadaye ukavamia malisho mapana. Sukari ya maganda nayo huozesha meno ya mbuzi. Wakazi walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno!

Mbegu nyingi humponyoka ng'ombe bila kutafunwa. Mbuzi na kondoo huharibu nyingi zaidi. Ila adui halisi wa mbegu za magugu ni kuku: firigisi yake yenye changarawe husaga karibu zote.

Mbegu huweza kukaa tumboni mwa ng'ombe siku kadhaa. Kwa hiyo mifugo iliyotoka penye mathenge yafaa ikae zizini kwanza kabla ya kuingia malisho safi. Tena maganda yakisagwa kuwa unga, mbegu hufa na mnyama hupata protini iliyokuwa imefungiwa ndani ya mbegu hizo.