Jengo Lililomtoa Nakate Pichani

Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, wanaharakati watano wa kike wa mazingira walisimama mbele ya kamera. Kutoka kushoto walikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, Luisa Neubauer, Greta Thunberg, Isabelle Axelsson na Loukina Tille. Picha iliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press ilionyesha wanne. Aliyekatwa ni Nakate, Mwafrika pekee katika kundi. Shirika lilieleza kwamba mpigapicha alikuwa akikimbizana na muda, na kwamba aliukata upande ule kwa sababu jengo lililokuwa nyuma lilivuruga mpangilio. Maelezo hayo nayaamini, na ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa yanaonyesha kuwa maana ya picha inaweza kupinduliwa na mtu anayetafuta uzuri tu. Nyuma ya wale wanne ilibaki milima yenye theluji, safi na tulivu. Hakuna kilichobandikwa wala kupakwa rangi. Hata hivyo, aliyeifungua picha ile Kampala au Mombasa alielezwa kwamba tabianchi ni hoja ya vijana wa Ulaya. Mtazamaji hana njia ya kuijua nia ya mkataji; alichonacho ni ukingo, na ukingo humwambia kwamba yaliyokuwapo yanaishia hapo.

Uwezo huo wa ukingo unaonekana waziwazi katika sura ya Che Guevara tuliyoizoea kwenye fulana. Alberto Korda aliipiga Havana tarehe 5 Machi 1960, katika hafla ya kuwaomboleza waliokufa siku moja kabla, meli La Coubre ilipolipuka bandarini. Picha nzima ni ya mlalo: upande mmoja yupo mwanamume anayeonekana kwa ubavu, upande wa pili majani ya mnazi yanashuka. Ndani yake Che ni mtu mmojawapo katika tukio, mahali fulani, siku fulani, na uso wake una sababu ya kukunjamana. Korda alimwondoa yule mwanamume, akaondoa mnazi, akaigeuza picha kuwa ya wima. Palipokuwa na msiba pakabaki mbingu tupu, na macho yaliyokuwa yakitazama umati uliofiwa yakawa kana kwamba yanatazama wakati ujao. Kama kazi ya sanaa, ukataji ule ni wa kistadi kabisa. Ila stadi hiyo imewalipisha waliokufa bandarini, kwani mamilioni wanaoivaa sura ile hawajui kwamba ni sura ya matanga.

Wapo watakaosema kwamba kila picha imekatwa tangu mwanzo: mpigapicha anapochagua pa kusimama na pa kuelekeza lenzi, tayari ameuacha ulimwengu mwingi nje. Ni kweli, na ndiyo maana siwadai wapigapicha ukamilifu usiowezekana. Lakini mambo haya mawili hayalingani. Anayepiga huacha nje mengi ambayo pengine hata hakuyaona. Anayekata mezani anakiona anachokiondoa, anao muda wa kukipima, hata kama ni dakika mbili, na kwa hiyo anaweza kuulizwa. Swali la kumuuliza ni jepesi: kilichotoka kingebadilisha jibu la msomaji kuhusu nani alikuwepo, wapi, na kwa nini? Taa ya barabarani au bega la mpita njia haibadilishi lolote, na ikatwe. Kule Davos swali hilo lilikuwa na jibu la wazi, na hata kwa kipimo cha mpangilio uamuzi ulikuwa dhaifu: wakiwa watano, Thunberg alikuwa katikati, na wawili kila upande; Nakate alipoondolewa, uwiano huo ukavunjika. Baadaye mhariri mkuu wa shirika aliomba radhi, na picha yenye wote watano ikatolewa, pamoja na jengo lake.