Kugeuza Picha za Video Ili Zipate Kuhaririwa

Mtu aliyerekodi masimulizi ya wazee kwa kamera ya video huweza kupatwa na mshangao arudipo mezani kwake. Katika kamera picha zaonekana vyema, lakini programu ya kuhariri yakataa kuzifungua, au yaonyesha picha bila sauti. Aghalabu faili yenyewe haina kasoro yo yote; kinachokosekana ni mapatano baina ya namna picha zilivyofungwa na namna programu ijuavyo kuzifungua.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kasha, yaani faili ikusanyayo pamoja mkondo wa picha, mkondo wa sauti na alama za wakati. Aina ya kasha hutajwa mwishoni mwa jina la faili: MP4, MOV, AVI au MTS. La pili ni kodeki, yaani kanuni iliyotumika kuibana picha au sauti ili ukubwa wake upungue. Kasha ni kama bahasha, na kodeki ni kama hati iliyoandikiwa barua. Bahasha moja huweza kuchukua barua ya herufi za Kiarabu au ya herufi za Kirumi, na aionaye bahasha hajajua bado kama ataweza kuisoma barua. Kwa hiyo kubadili herufi za mwisho wa jina la faili hakusaidii neno.

Mfano ulio wazi ni AVCHD, utaratibu uliotolewa mwaka 2006 na Sony pamoja na Panasonic. Picha zake hubanwa kwa kodeki ya H.264, na faili zake katika kamera nyingi huishia kwa MTS. H.264 haihifadhi kila picha kwa ukamilifu. Picha moja huwekwa nzima, na zifuatazo huwekwa tofauti zake tu. Nyingine hutegemea hata picha ijayo baadaye. Kwa mtazamaji jambo hilo halina taabu. Kwa mhariri atakaye kukata katikati, hapana budi kompyuta izikokotoe kwanza picha jirani ndipo ipate ile moja itakiwayo. Final Cut Pro 7, kwa mfano, haikuhariri AVCHD moja kwa moja. Ilibidi picha zigeuzwe, mathalani kuwa Apple ProRes, kodeki iliyotolewa mwaka 2007, ambayo huhifadhi kila picha peke yake. Gharama yake ni nafasi: saa moja ya AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde huchukua gigabaiti 11 hivi, na ikigeuzwa kuwa ProRes 422 ya picha 25 kwa sekunde hufikia gigabaiti 55 hivi.

Njia za kugeuza ni mbili. Ikiwa programu yaijua kodeki lakini hailijui kasha, yatosha kuhamisha mikondo katika kasha jingine; kazi hiyo ni ya muda mfupi wala haipunguzi ubora. Ikiwa kodeki yenyewe haijulikani, hapana budi picha zifumuliwe na kubanwa upya. FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huweza kufanya yote mawili. Ifahamike kwamba kuihamishia picha katika kodeki kubwa hakuiongezei ubora, na kuibana tena na tena huipotezea mambo madogo ambayo hayarudi.

Kwa mwanafunzi wa lugha, sauti ndiyo yenye thamani kuu. Ni vyema itolewe katika WAV isiyobanwa, ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Tena simu nyingi za mkononi hurekodi kwa mwendo usio sawa, mara picha nyingi kwa sekunde, mara chache. Programu itarajiayo mwendo mmoja huweza kuiachanisha sauti na midomo kidogo kidogo, hata mwisho wa hadithi neno lasikika kabla halijatamkwa. Anayeandika maelezo katika ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsi huko Nijmegen, Uholanzi, hufunga kila neno na wakati wake; mwendo ukigeuzwa baada ya kazi hiyo, alama zaweza kupotoka zote. Basi kugeuza kutangulie, na maelezo yafuate.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Faili asili zisifutwe baada ya kugeuzwa, bali zinakiliwe pamoja na folda zote za kadi, maana kamera nyingi hukata rekodi ndefu vipande vipande, na habari za kuviunganisha zimo katika faili nyingine. Programu na kodeki hupitwa na wakati, na kazi ya kugeuza huweza kurudiwa kwa chombo bora zaidi. Lakini msimulizi akiisha kufariki, hapana wa kurudia masimulizi yake.