Ubishi wa Gitaa la Mbaraka

Jioni kwenye kijiwe cha kahawa mjini Dodoma, zilipendwa zikianza redioni, ubishi huwaka kabla ya kiitikio. Mmoja anashikilia kwamba gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilikuwa na makali alipokuwa Morogoro Jazz. Mwenzake anaapa kwamba lilikomaa baada ya 1973, alipounda Super Volcano. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, na bado anagombewa.

Wasikilize vizuri: noti hawabishanii, wanaziimba kwa mdomo bila kukosea. Wanabishania ladha. "Kavu." "Zito." "Pale linalia." Maneno hayo yana fizikia ndani yake.

Kamba ya tano ya gitaa ikipigwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Papo hapo nusu zake hutetemeka mara 220, theluthi zake 330, robo zake 440, na kuendelea juu. Sikio huzipokea zote kama sauti moja, na ladha ni kipimo cha kila moja katika mchanganyiko huo. Ukiipiga kamba katikati kabisa, 220 na 440 hunyamaza, kwa kuwa hapo katikati ndipo mitetemo hiyo hutulia; sauti inakuwa laini, ya mviringo. Sogeza mkono karibu na daraja, sauti za juu zinajaa: hiyo ndiyo "kavu". Kwenye gitaa la umeme kuna pia sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, nayo huisikia kamba pale tu sumaku yenyewe ilipofungwa. Badili gitaa au amplifaya, vidole vilevile vitatoa ladha nyingine. Kwa hiyo mashabiki wale wanasikia kitu cha kweli.

Na Dodoma ina masikio ya kazi hiyo. Wagogo, wenyeji wake, hupanga sauti za nyimbo zao kwa kufuata ngazi hiyohiyo ya mitetemo ya asili, na ilimba, ala aliyoipeleka duniani marehemu Hukwe Zawose, husetiwa hivyo. Kasha lake huwa na vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ili kila mlio uwe na mkwaruzo unaoongeza sauti za juu. Wapiga gitaa wa umeme huutafuta mkwaruzo wa namna hiyo kwa kuizidishia amplifaya nguvu.

Siku moja nilikaa na mzee mpiga ilimba, gitaa mapajani. Niligusa kamba ya tano kwa ncha ya kidole, bila kuibana, kati ya chuma cha pili na cha tatu shingoni, penye sehemu ya saba ya urefu wake, nikaipiga. Ikatoka sauti nyembamba ya mitetemo 770. Kisha nikabana noti ya gitaa iliyo jirani yake zaidi, chuma cha 15 kwenye kamba ya kwanza: 784. Mzee akakunja uso. Akaniomba nirudie ile ya kwanza, na ilipolia akaiitikia kwa sauti yake, palepale ilipo.